Mficha Maradhi Kilio Humfichua

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Sioni mahali methali hii ilipotimia kwa uchungu zaidi ya Haiti, taifa la Karibea lililozaliwa mwaka wa 1804 watumwa walipojikomboa.

Mnamo Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko la ardhi kubomoa Port-au-Prince, kipindupindu kilizuka nchini humo. Hakikuanzia katika mahema ya waliopoteza makao jijini, bali mashambani, katika bonde la mto Artibonite. Kando ya kijito kinachoingia katika mfumo wa mto huo palikuwa na kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal, nchi iliyokuwa na maradhi hayo. Majitaka ya kambi yaliingia kijitoni, na wanavijiji waliotegemea mto kwa kunywa, kuoga na kufua wakaangamia.

Mtaalamu Mfaransa, Renaud Piarroux, alizifuata nyayo za maradhi hayo hadi kambini. Hata hivyo, Umoja wa Mataifa ulikwepa lawama kwa miaka sita, hadi Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon alipowaomba Wahaiti radhi. Kwa jumla, zaidi ya watu 800,000 waliugua na karibu 10,000 wakafa.

Wapo watakaosema kuwa nyumba inapoungua hatuulizi nani aliyewasha kiberiti; tunazima moto. Nakubaliana nao nusu. Maji yenye chumvi na sukari, klorini, chanjo na vikosi vilivyokimbilia kila palipotokea mgonjwa viliokoa maisha ya wengi. Baada ya mapema mwaka wa 2019, zaidi ya miaka mitatu ilipita bila mgonjwa kuthibitishwa.

Lakini asiyekiri kosa halipi deni lake. Umoja wa Mataifa ulipokiri, ulitafuta dola milioni 400 za kupambana na kipindupindu na kuwafidia waathiriwa. Mataifa tajiri yakatoa sehemu ndogo tu. Wengi wakabaki bila vyoo na maji safi. Oktoba 2022, magenge yalipoizingira bohari kuu ya mafuta, usambazaji wa maji ulikwama, na kipindupindu kikarejea.

Sisi Wakenya hatuwezi kulitazama jambo hili kama sinema. Mnamo Juni 2024, polisi wetu walitua Port-au-Prince kwenda kusaidia kurejesha usalama. Je, ni wangapi kati yetu waliouliza majitaka ya kambi yao yangeelekea wapi? Tuliuliza habari za bunduki na marupurupu.

Walimu, nawasihi mlipeleke swali hilo darasani. Nanyi wanafunzi, mtakaokuwa maafisa na madaktari wa kesho, kumbukeni kuwa nia njema haisafishi maji. Mgeni anayekwenda kuokoa na achimbe choo chake kwanza, na akikosea, aseme siku hiyo hiyo.