LIKIZO SI HISANI

Wapo wasemao kwamba kusafiri polepole, kwa motokaa ivutayo tela dogo lenye kitanda na jiko, ni anasa ya matajiri. Sisi twasema sivyo, na Ufaransa ni shahidi.

Mwaka 1936, baada ya wafanyakazi wa viwanda kugoma nchi nzima, serikali ya Léon Blum ilipitisha sheria ya likizo ya majuma mawili yenye mshahara. Wengi waliondoka kwa baiskeli na garimoshi. Juma la tatu likaongezwa mwaka 1956. Ndipo matela yalipozidi katika Barabara ya Taifa namba 7, iliyotoka Paris hadi Menton, karibu na mpaka wa Italia. La nne lilipatikana mwaka 1969, la tano 1982.

Leo wenye haraka hupita barabara kuu za kulipia. Mvuta tela hushika njia za vijijini, akanunua mkate kwa mwokaji wa hapo na kulala katika kambi ya manispaa. Fedha yake humfikia mwanakijiji.

Marekani matela ni mengi, lakini sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa likizo ya mwaka yenye malipo, hata siku moja. Motokaa ipo, barabara ipo, siku hazipo.

Tela hununuliwa kwa fedha. Siku hupatikana kwa umoja. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi wa Tanzania siku 28. Ndugu mfanyakazi, zichukue zote, usiziuze.