SONONA SI UVIVU

KARANI aliyesifika kwa bidii anaanza kuchelewa kazini. Majalada yanarundikana mezani pake, chakula hakipiti, usingizi umemkimbia, na wenzake hawajasikia kicheko chake kwa wiki kadhaa. Katika ofisi na shule nyingi hukumu hutolewa papo hapo: huyu atasema karani ni mvivu, yule atasema amerogwa, na wa tatu atasema ana sonona, kwa kuwa neno hilo amelisikia redioni. Wote watatu wamekosea, maana wamejitwalia kazi isiyo yao.

Sonona ni ugonjwa, na ugonjwa hutambuliwa na mtu aliyesomea utabibu. Ni kweli kwamba hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei iwezayo kuuonyesha. Lakini kukosekana kwa kipimo hakumpi kila mpita njia haki ya kuutangaza. Kunadai mtaalamu, muda wa kutosha, na maswali yenye utaratibu.

Utaratibu huo upo. Mwongozo wa 11 wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, ulioanza kutumika Januari 2022, unataja dalili 10. Mgonjwa hana budi kuwa na angalau tano, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili. Na moja kati ya hizo iwe ama huzuni nzito, ama kupoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakimpendeza. Nyingine ni kushindwa kutuliza akili kazini, kujiona hafai, kukata tamaa, kuwaza kifo, kuvurugika kwa usingizi, kubadilika kwa hamu ya chakula, kutotulia au kuzorota kwa mwendo na usemi, na uchovu. Aidha, hali hiyo iwe imeathiri kazi au maisha yake, na isiwe ni majonzi ya kawaida ya aliyefiwa.

Hata baada ya kuzihesabu dalili, mganga hajamaliza. Atachunguza kama chanzo ni upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo, pombe, au dawa anazotumia mgonjwa. Atauliza pia kama amewahi kuwa na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi, kwa kuwa huo ni ugonjwa mwingine wenye tiba nyingine. Iko pia fomu ya maswali tisa, yenye alama 0 hadi 27. Anayepata 10 au zaidi anastahili kuchunguzwa kwa makini. Fomu peke yake haitoi hukumu.

Wala si lazima safari ianzie kwa daktari bingwa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa kuwawezesha watumishi wa afya wasio mabingwa kuutambua na kuutibu ugonjwa huu. Kwa hiyo tabibu au daktari aliyepata mafunzo hayo aweza kuanza kazi karibu na nyumbani kwa mgonjwa, na mambo yakiwa mazito amwandikie rufaa kwa mabingwa, kama wale wa Muhimbili au Mirembe, Dodoma.

Basi wajibu wa mkuu wa shule na mkuu wa ofisi ni upi? Si kutaja jina la ugonjwa. Ni kuona mabadiliko, kumwita mwenzake faraghani, kumsikiliza, kumpa ruhusa ya kwenda hospitali, na kuitunza siri yake. Akisema kwamba afadhali afe, asiachwe peke yake. Asindikizwe kwa mganga siku hiyo hiyo.

Barua ya onyo ina mahali pake katika utumishi, na mvivu aipate. Lakini kumwandikia mgonjwa kabla hajaonwa na mganga ni dhuluma, na hatimaye ni hasara kwa wananchi anaowahudumia.