Tumemsifu Joker, tumemsahau Rupert

Wadau, kuna ubishi umenichosha. Kila nikikaa na wapenzi wa sinema, tukimgusa tu mchekeshaji aliyechanganyikiwa, wote wanakimbilia Joker ya 2019. Eti hakijawahi kutokea kitu kama kile! Sawa, Joaquin Phoenix alifanya kazi na Oscar yake hakuiiba. Lakini nikiwauliza kama wameiona The King of Comedy ya Martin Scorsese, iliyotoka 1983, wanabaki kunikodolea macho. Wakati Joker imekula humo humo, na Robert De Niro aliyekuwa stelingi wa ile ya zamani akawekwa kwenye mpya acheze mtangazaji.

Nimeirudia wiki hii. Nasema bila woga: ya zamani ni bora, na walioitupa waliitupa kwa sababu iliwagusa wao.

Kwa ambao hawajaiona, De Niro ni Rupert Pupkin wa New York, mtu mzima anayeishi kwa mama yake na kuamini kwamba ni mchekeshaji mkubwa aliyecheleweshewa nafasi tu. Chini ya nyumba kajitengenezea studio. Anakaa kitini katikati ya picha za maboksi zenye ukubwa wa mtu, moja ya Liza Minnelli, nyingine ya Jerry Langford, mtangazaji maarufu wa kipindi cha usiku, na anapiga nao stori huku mama yake akimfokea kutoka juu. Ofisini kwa Jerry anazungushwa mpaka basi. Mwishowe yeye na mwenzake Masha wanamteka Jerry nyara. Hadai pesa. Anadai afungue kipindi.

Filamu iligharimu kama dola milioni 19, na Marekani haikukusanya hata milioni 3. Pauline Kael, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote enzi hizo, hakuipenda. Oscar haikuteuliwa hata kwa kipengele kimoja. Uingereza angalau waliona aibu, wakampa tuzo ya BAFTA mwandishi wake, Paul Zimmerman.

Malalamiko yalikuwa, na bado ni, kwamba haichekeshi. Jamani! Nani kawaambia kila kichekesho lazima kikufurahishe?

Tuanze na De Niro. Kwa Raging Bull ya 1980 alinenepa karibu kilo 27, dunia ikapiga magoti na Oscar akapewa. Watu wanapenda kazi wanayoweza kuipima kwenye mizani. Kwa Rupert hakuna cha kupima. Kuna sharubu nyembamba, suti zinazong'aa, na tabasamu lisilotoka hata anapoonyeshwa mlango. Mtazame pale mapokezi anapoambiwa kwa adabu kwamba kanda yake bado haijafikia kiwango. Maneno yote anayasikia ila lile la kukataliwa. Kumcheza mtu asiyejua kwamba anatia aibu, bila kumkonyeza mtazamaji hata mara moja, nasema ni kazi nzito kuliko kunenepa.

Halafu Jerry Lewis, ambaye ndiye Langford. Huyu ni mtu aliyejenga jina kwa kuanguka na kukunja uso, ila humu hafanyi kituko hata kimoja. Rupert anapomvamia nyumbani kwake na mwanamke anayemtongoza, akijifanya wamealikwa, hasira yote ya Lewis imekaa kwenye taya. Unaona mzee aliyechoka kupendwa na watu asiowajua. Naye Sandra Bernhard, yaani Masha, anamwandalia chakula cha usiku kwa mishumaa huku kamfunga selotepu mwili mzima. Nilicheka, kisha nikajiuliza nacheka nini.

Hapo ndipo inapoishinda Joker. Arthur Fleck ana visingizio: ugonjwa, kipigo, huduma ya matibabu iliyokatwa. Unatoka ukimhurumia, na unajihisi mtu mwema. Rupert naye akipanda jukwaani anasimulia utoto wa mateso, lakini anausimulia kama utani, na ukumbi unacheka. Anasema mama yake alishakufa, wakati sisi tumemsikia akifoka filamu nzima. Anawaambia kabisa kwamba kamteka Jerry. Wanacheka zaidi. Huna pa kushika huruma yako, unabaki na wewe uliyecheka.

Msiniambie imetiwa chumvi. Mwaka 1981 filamu hii ilipokuwa inapigwa, kijana mmoja alikuwa ameshampiga risasi Rais Reagan ili aonekane na mwigizaji aliyemwona kwenye Taxi Driver, ya Scorsese na De Niro haohao.

Na mwisho wake? Rupert anafungwa miaka sita, anakaa isiyofika mitatu, anatoka na kitabu kinachogombaniwa, sura yake ipo kwenye majalada ya magazeti. Wapo wanaodai sehemu hiyo ni ndoto yake. Iwe ndoto. Kinachoniuma ni kwamba mimi niliiamini bila shida, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Nimeshaandika habari za watu ambao sifa yao pekee ni kwamba waliwahi kuandikwa. Mhariri anataka sura inayouza, nami naitafuta. Zimmerman naye alikuwa wa fani, mhakiki wa filamu wa Newsweek. Alijua anamsema nani.

Ndiyo maana waandishi hawakuipenda. Nyani haoni kundule, na ukimwonyesha anasema kioo ni kibovu.

Itafuteni muiangalie mpaka mwisho, halafu mje tubishane. Atakayeniambia De Niro hakuigiza humu, anieleze pia yeye alikuwa anacheka nini.

Alamsiki.