Supu ya kongoro ni tamu, lakini haimkuzi mtoto peke yake

Kwa wasafiri na madereva wanaopita Benaco kwenda au kutoka Rusumo, supu ya asubuhi ni jambo la kawaida. Wapo wanaoagiza makongoro ya ng'ombe, wapo wa mbuzi, na wale wanaokula kitimoto huagiza miguu ya nguruwe. Dereva anaipenda kwa sababu ni ya moto, ina chumvi na inashika tumbo mpaka mchana.

Wazazi nao wanaipenda, ila kwa sababu nyingine. Wanaamini utelezi ule unaimarisha mifupa ya mtoto na kumwahisha kutembea. Mama aliyejifungua anapelekewa chupa nzima ya chai iliyojaa supu ili maziwa yatoke. Mtoto wa miezi saba anapewa supu yenyewe kwenye kikombe, mchana na jioni, na familia inaridhika kwamba amekula nyama.

Wiki hii ukurasa wetu unajibu swali hilo: kongoro lina nini hasa, na je, linatosha kumkuza mtoto?

Jibu fupi ni hili. Kongoro ni chakula kizuri cha kuongezea kwenye mlo. Kulifanya ndiyo mlo wa mtoto ni kosa, na kumpa maji ya supu peke yake ni kosa kubwa zaidi.

Kwa nini jambo hili si dogo

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hiyo ni watoto watatu katika kila kumi. Mkoa wetu wa Kagera uko juu ya wastani huo, ingawa hatuna uhaba wa ndizi, maharage wala samaki wa ziwani.

Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Ubongo wake nao umekosa chakula katika kipindi ambacho unakua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, yaani tangu mimba inapotungwa mpaka anapotimiza miaka miwili. Kipindi hicho kikipita, ni vigumu sana kurudisha kilichopotea. Ndiyo maana kinachoingia kwenye bakuli la mtoto kinahitaji kuangaliwa kwa makini, hata kama ni kitu tulichorithi kwa bibi zetu.

Ndani ya kongoro kuna nini

Ukichemsha mguu wa nguruwe ukaiva, gramu 100 za kile kinacholiwa zina protini gramu 22 hivi na mafuta gramu 16 hivi. Kwa kutazama namba hizo, kongoro linaonekana halipishani sana na nyama ya kawaida. Lakini tofauti ipo, tena ni kubwa.

Mguu hauna nyama nyingi. Una ngozi, kano, gegedu na mifupa. Protini iliyomo humo kwa sehemu kubwa ni kolajeni, ambayo ikichemshwa muda mrefu hugeuka jelatini. Hiyo ndiyo inayoifanya supu inate midomoni, na ikipoa usiku igande kama gundi.

Protini zote hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Mwili unaweza kujitengenezea baadhi ya vipande hivyo, lakini vingine ni lazima viingie kwa mdomo. Kimojawapo kinaitwa triptofani. Jelatini haina triptofani kabisa, na vipande vingine kadhaa vya lazima inavyo kwa uchache. Mtoto anayetegemea jelatini ni kama fundi aliyeletewa mbao nyingi bila misumari. Mbao zipo, lakini kitanda hakisimami.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwanzoni mwa karne ya 19 huko Ufaransa, mkemia aliyeitwa D'Arcet alipendekeza maskini na wagonjwa wa hospitali za Paris wapewe supu ya jelatini iliyotolewa kwenye mifupa, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko nyama. Ubishi ukawa mkubwa. Tume ya wanasayansi iliyoongozwa na François Magendie ilifanya majaribio kwa wanyama kwa miaka, na mwaka 1841 ikatoa jibu kwamba jelatini peke yake haiwezi kumtunza mnyama akaishi.

Ugali nao una pengo hilohilo

Sasa msomaji atasema, "Lakini mwanangu hanywi supu tupu, anakula na ugali." Hapo ndipo tatizo letu linapojificha.

Mwaka 1906 watafiti wawili wa Uingereza, Edith Willcock na Frederick Hopkins, waliwalisha panya chakula ambacho protini yake ilitoka kwenye mahindi tu. Panya wakadhoofika na kufa. Walipoongezewa triptofani, waliishi muda mrefu zaidi. Protini kuu ya mahindi ina upungufu uleule tuliouona kwenye jelatini, na pia haina kipande kingine muhimu kiitwacho laisini.

Kwa hiyo ugali na supu ya kongoro havizibi vizuri mapengo ya kila kimoja. Mtoto anashiba, anasinzia, na mzazi anaona kazi imekwisha. Ila kitu kilichotakiwa kumrefusha hakikuingia cha kutosha.

Anayeziba pengo hilo tunaye jikoni: maharage. Yana laisini nyingi, na triptofani yake ni zaidi ya ile ya mahindi. Dagaa, yai, maziwa na nyama yenyewe ya steki vinaziba vizuri zaidi.

Wakazi wa Benaco wenye umri mkubwa wanakumbuka mwisho wa Aprili 1994, wakati watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka Rusumo ndani ya saa 24 na eneo hili likageuka kuwa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Mgao wa kawaida wa chakula cha wakimbizi ni nafaka, kunde, mafuta na chumvi. Wanaopanga chakula cha watu wasio na cha kuchagua huweka kunde pembeni ya mahindi, na sababu ni hiyohiyo tunayoizungumza hapa.

Vipi kuhusu mifupa na damu

Wengi wanaamini kwamba kuchemsha mfupa kunatoa kalisiamu yote ikaingia kwenye supu. Haiko hivyo. Kalisiamu hubaki kwenye mfupa, na inayotoka ni kidogo sana. Kikombe kimoja cha maziwa cha mililita 250 kina kalisiamu takriban miligramu 300, na supu ya mifupa haisogelei kiwango hicho hata ukiichemsha kutwa. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yao wanampa mtoto kalisiamu ambayo kongoro haliwezi kumpa.

Kwa upande wa damu, gramu 100 za mguu wa nguruwe zina madini ya chuma takriban miligramu 1. Maini ya nguruwe yaliyopikwa, uzito huohuo, yana zaidi ya miligramu 15. Kipande kidogo cha maini mara moja kwa wiki kitamfaa mtoto kuliko makongoro ya wiki nzima. Kisizidi hapo, hasa kwa mjamzito, kwa sababu maini yana vitamini A nyingi mno.

Na maziwa ya mama? Supu inamwongezea mama maji na nguvu kidogo, na hilo si baya. Lakini kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara nyingi, usiku na mchana, na mama kula chakula cha kutosha. Mama aliyejifungua akipewa supu, apewe pia maharage, mboga na ndizi.

Tumbo la mtoto ni dogo

Tumbo la mtoto mchanga hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 anabeba mililita 240 hivi, yaani kikombe kimoja. Ukikijaza kikombe hicho kwa maji ya supu, nafasi ya chakula imekwisha.

Baada ya kutimiza miezi sita, chakula chake kiwe kizito kiasi cha kutotiririka kwenye kijiko. Kati ya miezi sita na minane apate milo miwili hadi mitatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa, mitatu hadi minne, pamoja na kitu cha kutafuna katikati. Kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Kabla ya miezi sita, supu ya aina yoyote haihitajiki.

Namna ya kulitumia kongoro vizuri

Hatusemi ulitupe. Kongoro huongeza ladha na nguvu, na kolajeni yake haipotei bure ikikutana na protini nyingine iliyokamilika. Jaribu hivi nyumbani:

Babua miguu kwenye moto, kwangua manyoya na kucha, kisha osha kwa maji mengi. Chemsha kwa saa mbili hadi tatu mpaka ngozi iachane na mfupa. Engua mafuta yanayoelea juu.

Tia kwenye supu hiyo maharage yaliyokwisha kuiva. Ongeza nyanya, karoti na mchicha au majani ya maboga dakika za mwisho. Ukiwa na dagaa, wakaange kidogo, wasage na utie kijiko kimoja au viwili.

Chakula cha mdogo kitoe kabla hujatia chumvi na pilipili. Ponda maharage, ndizi na mboga pamoja na supu kidogo tu ya kulainishia. Kamulia ndimu au mpe kipande cha papai au chungwa baada ya kula, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage.

Usimpe mtoto mdogo kongoro lenyewe alinyonye. Mguu wa nguruwe una vifupa vingi vidogo, na ngozi yake inateleza. Vyote viwili vinaweza kumkaba.

Kwa familia zisizokula nguruwe, maelezo haya ni yaleyale kwa kongoro la ng'ombe na la mbuzi. Ukipika maharage na dagaa bila kongoro kabisa, mtoto hajapoteza chochote.

Tahadhari ya minyoo na siki

Nguruwe wanaozurura na kula kinyesi cha binadamu wanaweza kubeba tegu. Mtu akila nyama yenye vifuko vya tegu ambayo haikuiva, anapata mnyoo huo tumboni. Hatari kubwa zaidi ni mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu huyo. Yakimezwa kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa, yanaweza kufika kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Kwa hiyo nunua nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, ipike iive, tumia choo, na nawa mikono kwa sabuni.

Siki na ndimu hazipiki nyama. Katika nchi za nje, ikiwemo Marekani, miguu ya nguruwe huuzwa kwenye chupa ikiwa imehifadhiwa kwa siki na chumvi, lakini huwa imechemshwa kwanza. Hata hivyo chumvi yake ni nyingi. Vipande vichache vinaweza kukaribia nusu ya kiwango cha gramu 5 ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asikizidi kwa siku. Mwenye shinikizo la damu na mtoto wakae mbali nayo.

Mzazi aangalie nini

Usimpime mtoto kwa tumbo lililojaa. Mpeleke kliniki kila mwezi, muulize muuguzi mstari wa uzito kwenye kadi unapanda au umelala, na omba apimwe urefu pia. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 12.5 anahitaji msaada wa lishe. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili naye asisubiri, hata kama anaonekana mnene.

Na ukinunua makongoro sokoni Kasulo au Benaco wiki hii, kabla ya kuondoka ongeza kisado cha maharage na fungu la dagaa. Supu itakuwa tamu vilevile, na mtoto atakuwa na cha kumkuza.