Daftari la Fundi

Nimechoka kusikia maneno haya: "Mimi sina cha kuficha." Yanasemwa barazani kwetu Fukayosi, yanasemwa ndani ya mabasi ya Msata, na wasomi nao huyasema mijini wakiwa wamevaa tai. Anayeyasema huinua kifua kidogo, kana kwamba ametoa ushahidi wa usafi wa moyo wake. Nami niliyasema kwa miaka mingi. Leo nayakataa, na ningependa, ndugu msomaji, unisikilize kabla hujanihesabu kuwa mzee mwenye mambo ya giza.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka ya themanini na ya tisini barua za kijijini zilikuja kwa anwani ya shule, kutoka posta ya Bagamoyo, na wazee wasiojua kusoma waliniletea bahasha zao niwasomee. Tulikwenda nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, nikasoma kwa sauti ya chini. Nilisoma talaka, nilisoma madeni, nilisoma habari za kijana aliyefungwa Dar es Salaam ambaye mama yake alikuwa akiwaambia majirani kuwa yuko kazini Tanga. Nikimaliza nilikunja karatasi, nikairudisha ndani ya bahasha, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyeniapisha. Lakini mwalimu ambaye angesikika akisimulia mitaani yaliyomo katika barua ya mtu asingeletewa barua nyingine, na nadhani hata salamu asingepewa.

Simu yangu ya kwanza ya kupangusa niliinunua mjini Bagamoyo. Kijana wa kibandani alinipokea kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," akaiwasha, akaniuliza kama nina imeili. Nilipojibu sina, akasema, "Usijali, nakutengenezea." Akaitengeneza kwa jina langu, akabuni neno la siri, akaliandika katika daftari lake la kaunta. Mimi sikuliandika popote. Akaweka WhatsApp, akabonyeza kukubali kila kilichoulizwa, nikalipa, nikapanda basi.

Simu ile iliibwa. Nilirudisha laini, nikanunua nyingine, nikarudi kwa kijana yuleyule kwa kuwa ndiye aliyejua. Alifungua daftari. Niliona kwa macho yangu kurasa kwa kurasa za majina ya watu, imeili zao na maneno yao ya siri, na baadhi yao nawafahamu. Akalipata la kwangu. Meseji ya kuthibitisha ikaingia katika laini yangu, ambayo nayo ilikuwa mkononi mwake. Baada ya dakika chache mazungumzo yangu ya miaka mitatu yakaanza kurudi, nami nikafurahi kama mtoto. Kijana akapitisha kidole juu ya kioo kuhakikisha kwamba picha nazo zimerudi, na katika picha zile ikapita kadi ya kliniki ya binti wa dada yangu.

Binti yule alikuwa ameniandikia usiku mmoja: "Mjomba, hii nakutumia wewe tu." Sitaeleza ni kliniki ya nini. Miezi miwili baadaye upande wa mwanamume ulivunja posa iliyokwisha kupokewa, na waliokuja kuivunja walijua walichokijua. Je, ni kijana yule? Sina ushahidi, wala simtii mtu hatiani kwa dhana. Yawezekana maneno yalitoka kwingine kabisa. Ninachojua ni kwamba mimi, niliyekuwa nikikunja barua za watu chini ya mwembe, niliikabidhi simu iliyojaa barua za watu kwa mtu nisiyemjua hata jina la baba yake. Na niliikabidhi bila wasiwasi, kwa sababu sikuwa na cha kuficha.

Wengi hatuelewi jinsi mambo haya yanavyofanya kazi, kwa hiyo nitaeleza nilivyoelezwa. Tangu Aprili 2016 WhatsApp huyafunga kwa fumbo mazungumzo ya watumiaji wake wote: ujumbe unafungwa ndani ya simu ya mtumaji na kufunguliwa ndani ya simu ya mpokeaji tu, na hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma njiani. Wataalamu huuita usimbaji. Ni jambo jema sana. Lakini simu hiyohiyo, ikiwa imeruhusiwa, hupeleka usiku nakala ya akiba ya mazungumzo yote katika kile wanachokiita wingu. (Wingu la kwetu huleta mvua. Hili lao ni majumba yaliyojaa kompyuta za kampuni, katika nchi za watu.) Kwa miaka mingi nakala hiyo haikuwa chini ya kufuli lile la njiani. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo, na dirisha la uani lilikuwa wazi. Oktoba 2021 ndipo kampuni ilipoanza kutoa kufuli la nakala, ama kwa neno la siri la mwenyewe ama kwa ufunguo wa tarakimu 64, na hata hilo likawekwa ndani kabisa mwa mipangilio, mtu alitafute na kuliwasha mwenyewe. Nani Fukayosi atalitafuta asichojua kuwa kipo?

Tena hata ukiliwasha wewe, ikiwa uliyemwandikia hakuliwasha, maneno yako yamo katika nakala yake. Hapo ndipo "sina cha kuficha" inapokosa maana. Simu yangu ina siri chache sana za kwangu. Zilizomo ni za mpwa wangu, za jirani aliyekopa, za mzazi aliyeniuliza habari za mwanawe. Kusema sina cha kuficha ni kutoa ruhusa juu ya mali isiyo yangu.

Nitaambiwa kuwa kufuli hizi huwaficha matapeli, wale wa "ile hela tuma kwa namba hii", na wabaya kuliko hao, wanaowadhuru watoto. Ni kweli, huwaficha, nami sitajifanya sioni. Lakini tapeli huyo anatumia laini, na tangu 2019 laini zetu tunazisajili kwa alama za vidole. Fedha zake hupita kwa wakala. Na simu yake inaweza kukamatwa kwa amri ya mahakama. Njia za kumfuata zipo. Anayetaka ufunguo wa akiba wa kila nyumba kwa sababu ya mwizi mmoja anatengeneza ufunguo ambao mwizi naye siku moja ataushika. Februari 2025 Apple iliacha kuwapa wateja wapya wa Uingereza kufuli lake kali la nakala za wingu, baada ya magazeti kufichua kuwa serikali ya huko ilidai njia ya kuingia humo. Kama Uingereza imefika hapo, sisi tusijidanganye.

Na hapa kwetu tunao mfano wa mtu aliyejua maana ya amana. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa, akashitakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa kuzuia upelelezi. Polisi walitaka taarifa za watu walioandika humo, naye hakuzitoa. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani katika moja ya mashauri yake na kumtoza faini ya shilingi milioni 3. Unaweza kubishana naye juu ya mengine. Mimi namtazama kwa jicho la mwalimu aliyesoma barua, na namvulia kofia.

Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda mawasiliano binafsi ya mtu. Haki za binadamu ziliingizwa humo mwaka 1984. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume. Vizuri. Nauliza tu: lile daftari la kaunta nani atakwenda kulikagua? Hayo yanaandikwa Bagamoyo, yanaandikwa Chalinze, yanaandikwa Kariakoo, na vijana wanaoyaandika hawana nia mbaya. Wanawasaidia wazee kama mimi. Ndiyo maana yananitisha.

Nilibadili neno la siri kwa msaada wa mjukuu, nikaliwasha lile kufuli la nakala, na zile tarakimu 64 nimeziandika kwa mkono na kuziweka sandukuni pamoja na hati za shamba. Nilimweleza mpwa wangu yote, pamoja na habari ya kidole juu ya kioo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Sawa, mjomba." Hajanitumia picha tena. Akiwa na jambo hupanda basi, akashuka Fukayosi, akaja kunieleza kwa mdomo.