Kabla Hujanunua Diski Tupu

Mwezi huu tunaweka kando habari za homa na lishe, tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichomo katika makabati ya wengi wetu. Ni diski tupu ya kurekodia, ile CD au DVD ambayo fundi huitia picha za arusi, ubatizo, mazishi au nyimbo za kwaya. Huenda utasema, "Nesi na diski wapi na wapi?" Subiri kidogo, mama. Jambo hili tulijifunza kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa ya fedha tu.

Mwaka 2008, katika usharika wetu, tulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa mkunga tangu ujana wake. Akina mama wachanga wote walipita mikononi mwake. Tuliona vema mafundisho yake yarekodiwe, tuyauze, na fedha zisaidie kuezeka nyumba ya mjane mmoja. Fundi wa kupiga picha za arusi akaja na kamera yake. Bibi akazungumza kwa dakika 110: jinsi ya kumshika mtoto mchanga, jinsi ya kumnyonyesha, na mwishoni akawaombea watoto wake na wajukuu, mmoja mmoja kwa jina.

Sisi ndio tuliotumwa mjini kununua diski 60. Diski nzuri ilikuwa shilingi 600. Pembeni palikuwa na rundo la diski zilizotungwa kwenye kijiti, hazina kasha wala jina la kampuni, kila moja shilingi 250. Tukapiga hesabu haraka: tutaokoa shilingi 21,000! Tukarudi nyumbani tukijisifu kwamba tunajua kubana matumizi.

Diski tuliziuza shilingi 2,000 kila moja, zikaisha Jumapili moja. Jumapili iliyofuata, 23 zilirudishwa. Mama mmoja alisema deki yake inasema hakuna diski ndani. Mwingine alisema Bibi anazungumza kidogo, kisha anaganda kama sanamu. Tulirudisha shilingi 46,000. Hiyo faida ya 21,000 ikawa wapi?

Kwa nini deki zilikataa?

Tulipomwita fundi, tuligundua kwamba makosa hayakuwa ya diski peke yake. Akina mama wanane walikuwa na deki za VCD, ambazo haziwezi kabisa kusoma DVD. Kwa macho, CD na DVD hufanana, maana zote zina upana wa sentimeta 12. Lakini maandishi ya DVD ni madogo zaidi na yanahitaji mwali mwingine wa leza. Hata tungenunua diski ya bei kubwa kuliko zote, mama hao wasingeona kitu. Kosa hilo lilikuwa letu: hatukuuliza watu wana deki za namna gani.

Diski 15 zilizobaki ndizo zilizokuwa mbovu. Diski inayotoka kiwandani na nyimbo zake hupigwa chapa, kama muhuri kwenye plastiki. Diski tupu si hivyo. Ndani yake kuna utando mwembamba wa rangi, na mashine ya kurekodi huunguza alama ndogondogo katika rangi hiyo. Ndiyo maana mafundi husema "kuchoma CD". Rangi ikiwa duni au imepakwa vibaya, alama hazitokei vizuri. Kompyuta ya fundi, yenye jicho kali, huweza kuzisoma, lakini deki iliyochakaa sebuleni hushindwa.

Mama anayetaka kununua aangalie nini?

La kwanza ni deki itakayotumika. Redio ya CD ya zamani husoma CD ya muziki tu. Ukipeleka diski yenye nyimbo za MP3, haitaimba, ila kama redio yenyewe imeandikwa MP3. Kwa DVD, tazama alama baada ya herufi. Kuna DVD-R, yenye kistari, na DVD+R, yenye alama ya kujumlisha. Deki nyingi za miaka ya karibuni husoma zote mbili, lakini za zamani mara nyingi huelewana zaidi na ile ya kistari. Nazo diski za kufuta na kurekodi tena, zenye herufi RW, hurudisha mwanga kidogo sana, kwa hiyo deki nyingi za zamani huzikataa.

La pili ni nafasi. CD ya kawaida hubeba dakika 80 za muziki. DVD ya kawaida, yenye gigabaiti 4.7, hubeba picha za saa mbili hivi kwa ubora mzuri. Fundi akikuambia ataingiza arusi ya saa sita katika DVD moja, ujue picha zitafifia.

La tatu, usinunue rundo zima kwa siku moja. Nunua mbili, zirekodiwe, uzijaribu katika deki yako mwenyewe na ya jirani, tangu mwanzo hadi mwisho. Hospitalini hatumpi mgonjwa dawa isiyo na jina wala tarehe kwa sababu tu ni rahisi. Hata jina kubwa usiliamini kwa kulitazama tu, kwa kuwa majina hughushiwa. Kujaribu ndiko kunakosema kweli.

La nne, mwombe fundi arekodi kwa mwendo wa wastani, asikimbize mashine kwa sababu ana foleni ya wateja. Umwulize pia kama ameifunga diski baada ya kurekodi. Diski isiyofungwa huweza kucheza kwenye mashine iliyoirekodi na kukataliwa na deki nyingine zote.

Hasara iliyobaki

Laiti mambo yangeishia kwenye zile shilingi 46,000. Mwaka 2016 Bibi aliaga dunia. Baada ya matanga, binti yake alitujia akasema, "Dada zangu, nina picha za mama, lakini sauti yake sina. Nipeni ile diski." Tulikwenda kwa fundi kuomba kanda za kamera. Akatujibu kwa huzuni kwamba alizirekodia arusi nyingine zamani, maana kazi yetu alijua imekwisha. Wahenga walituonya: usitupe mbachao kwa msala upitao. Sisi tulikuwa tumeutupa mbachao kwa mikono yetu, kwa kutozinunua zile kanda mbili.

Tulipita nyumba kwa nyumba tukapata diski 11. Zile za rundo, zilizocheza vizuri mwaka 2008, sasa zote ziliganda. Moja tu ilikuwa nzuri, ile ya mfano ambayo fundi aliirekodi kwenye diski yake ya bei kubwa. Lakini hiyo nayo tulikuwa tumeibandika karatasi yenye picha ya Bibi ili ipendeze. Gundi ilikuwa imekauka na diski ikajipinda kidogo. Ilicheza dakika 50, ikasimama. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo mwisho wa maneno ndio ulioharibika. Binti alimsikia mama yake akicheka na kufundisha kumshika mtoto. Yale maombi ya mwisho, jina lake likitajwa, hakuyapata, na hatuna pa kuyatafuta tena.

Kutunza ulichonacho

Mwaka 2003 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa kutunza CD na DVD, na mengi ya humo mama yeyote anayaweza. Shika diski kwenye ukingo au tundu la katikati. Usibandike karatasi. Usiandike kwa kalamu ya bolpeni, tumia kalamu laini ya wino wa maji. Kwa CD, upande wa maandishi ndio dhaifu zaidi, maana picha na sauti zimekaa chini kidogo tu ya rangi ile ya juu. Mkwaruzo wa upande huo hauponi. Ihifadhi ikiwa imesimama ndani ya kasha, mbali na jua na joto, wala si juu ya televisheni. Ukiifuta vumbi, tumia kitambaa laini, ukitoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, bila kuzungusha.

Siku hizi wengi tumehamia kwenye simu na flashi. Kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kuingizia diski, na mwaka 2025 kampuni ya Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray. Kwa hiyo mama mwenye diski za zamani asingoje. Maadamu bado yupo fundi mtaani mwenye mashine ya kuzisoma, zihamishwe sasa. Na usidhani flashi ni mwisho wa mashaka. Nayo hufa ghafla, na zipo za bandia zinazodai nafasi kubwa zisiyokuwa nayo. Weka nakala mbili au tatu, na moja ikae kwa ndugu, nje ya nyumba yako. Kila mwaka, labda wakati wa Krismasi watoto wakiwa nyumbani, zifungue uone kama zinacheza.

Hatusemi kwamba kila kitu cha bei ndogo ni kibaya. Diski rahisi inafaa kwa nyimbo ambazo zikipotea utazipata tena. Lakini sauti ya mama, kicheko cha mtoto, au wosia wa mzee haviuzwi dukani. Hivyo usivikabidhi kwa diski moja ya shilingi 250.

Jumamosi hii, mama mpendwa, fungua kabati, zitoe diski zako, uzijaribu moja moja. Na kama mzee wako bado yu hai, mrekodi, kisha umwambie fundi kwamba kanda au kadi ya kamera utainunua, uondoke nayo. Mungu azibariki nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.