Mtihani Unaopima Ulimi

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, ina mambo mengi ambayo mzazi mwenye insafu hana budi kuyapokea kwa shukurani. Lakini katika jambo moja linaloamua kama mtoto atanufaika na hayo mengine yote, yaani lugha atakayofundishwa na kutahiniwa kwayo atokapo shule ya msingi, imetuacha pale pale tulipokuwa, Kiswahili chini na Kiingereza juu, na kwa hali ilivyo sasa imetuzidishia mzigo. Mimi ni mzazi wa watoto wanaosoma shule za umma, na nasema mapema, ili rai yangu isitafutwe baina ya mistari, kwamba uamuzi huo ni dhulma kwa watoto. Silitamki neno hilo kwa hamaki, na nitaleta ushahidi wake.

Mzigo umezidi kwa sababu hii. Zamani sekondari ilikuwa ya waliochaguliwa, na mashaka ya lugha yakawa ya wale walioendelea. Sasa elimu ya lazima imefanywa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, na kwa mpango uliotangazwa, mwaka 2028 watoto watakaomaliza darasa la sita wataingia kidato cha kwanza pamoja na ndugu zao wa darasa la saba. Ni jambo jema, wala simwoni mzazi wa kulipinga. Lakini serikali inapomshika mkono kila mtoto wa nchi, wa Pangani kama wa Kasulu, na kumwingiza kwa lazima katika chumba ambamo hesabu, jiografia na baiolojia zitasemwa kwa lugha asiyoifahamu, tena akiwa amepunguziwa mwaka mmoja wa kujiandaa, basi imejitwika yenyewe wajibu wa kuhakikisha kuwa mtoto huyo anafahamu anachoambiwa. Najua kuwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unamwanzishia Kiingereza tangu darasa la kwanza. Vema, ila vipindi vichache kwa juma, katika darasa lenye watoto wanaokaa watatu au wanne dawati moja, mbele ya mwalimu ambaye mwenyewe hakuwahi kuisema lugha hiyo nje ya darasa, havimpi mtu lugha ya kujifunzia kemia.

Katika nyumba zetu jambo hili hudhihirika Januari ya kidato cha kwanza. Mtoto aliyekuwa hadi juzi akimweleza bibi yake jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa nuru ya jua, na aliyeweza kukokotoa asilimia akiulizwa njiani, hurudi na daftari la baiolojia lililojaa maandishi mazuri aliyoyanakili ubaoni, nukta kwa nukta, nawe ukimwomba akufafanulie mstari mmoja tu, hunyamaza. Akili yake haikupotea wakati wa likizo. Na mama yake, aliyeishia darasa la saba, ambaye mpaka mwaka uliopita alikuwa akimkagua hesabu jioni huku akichambua mchele, ameondolewa katika kazi hiyo bila kuulizwa. Daftari analifungua, analitazama, analirudisha. Kisha mzazi huyo huyo huitwa katika kikao cha shule akahimizwa kufuatilia maendeleo ya mwanawe! Afuatilie kwa lugha gani?

Yako mengine yanayotukera sisi wenye watoto katika shule za umma, na nikitaka kuyahesabu nitakesha. Waraka wa mwishoni mwa mwaka 2015 ulifuta ada na michango kuanzia Januari 2016, hata hivyo michango imerudi kwa majina mapya, ya mlinzi, ya uji, ya mitihani ya majaribio, nasi twatoa. Vyoo havitoshi, walimu wa sayansi na hesabu ni haba. Hayo nayastahimili, maana hayaondoki bila fedha, na nchi haina fedha za kila kitu kwa siku moja. Hili la lugha lilihitaji ushupavu wa kuamua zaidi kuliko lilivyohitaji hazina, na ndiyo maana subira yangu imekoma hapa.

Wala shauri hili si geni. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia darasa la kwanza hadi la saba, na mwishoni mwa muongo huo wizara ilikwisha kufikiria kukipandisha sekondari somo moja baada ya jingine. Somo la siasa likafundishwa hivyo, mengine yakasubiri. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoundwa mwaka 1980 chini ya Jackson Makwetta, ilishauri mwaka 1982 kwamba kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili mwaka 1985 na chuo kikuu kifikiwe mwaka 1992. Ushauri huo ukakataliwa. Sera ya 2014 ikatamka kuwa Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, pasipo kukifukuza Kiingereza, tukafurahi, na miaka ikapita bila kidato hata kimoja kubadilika. Sasa tumeambiwa kwa upole kuwa mambo yabaki yalivyo.

Wanaoutetea uamuzi huu wana hoja zao, na adabu inataka zitajwe. Wanasema Kiingereza ni lugha ya biashara na ilimu duniani. Ni kweli, na hakuna anayetaka kisisomeshwe. Wanasema Kiswahili hakina istilahi. Nao wanajua kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikwisha kutoa mwaka 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, na kwamba mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, kazi ambayo kwa istilahi haipungukiwi ugumu na fizikia ya kidato cha pili. Wanasema wazazi wenyewe wanakipenda Kiingereza, wanauza mashamba ili wawapeleke watoto katika shule zinazokitumia. Naam, mzazi akiona mtihani umeandikwa kwa Kiingereza atakimbilia kilipo, na ukiandikwa kwa lugha nyingine atakimbilia huko. Hoja nzito kuliko zote ilikuwa ya Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyehofu kuwa Kiingereza kikiachwa kuwa somo tu kitakufa nchini. Namheshimu Mwalimu kwa taadhima yote, lakini miaka arobaini imepita tangu uamuzi ule wa kuukataa ushauri wa Tume, Kiingereza kikiwa lugha ya kufundishia, na kila mwajiri na kila mhadhiri analalamika kuwa vijana hawakijui. Dawa imenywewa kwa muda wote huo, na ugonjwa uko pale pale.

Niyaache hayo, niingie katika hoja ambayo kwangu ndiyo roho ya shauri zima, nayo ni ya mtihani.

Yanayotendeka darasani kila mtu anayajua, kuanzia mkaguzi hadi mfagiaji. Mwalimu wa jiografia huingia, huandika kichwa cha somo kwa Kiingereza, husoma aya moja, hutazama nyuso arobaini au sitini zilizo kimya, kisha, kwa sababu ana huruma na kwa sababu ana kazi ya kufundisha, hugeukia Kiswahili na kueleza mvua inavyopatikana. Nyuso huchangamka, maswali hutoka, ilimu hupita kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Dakika za mwisho hurudi ubaoni, huandika nukuu kwa Kiingereza, watoto hunakili ili wakakariri. Watafiti wa vyuo vikuu vya Tanzania, Norwei na Afrika Kusini, miongoni mwao Martha Qorro wa Dar es Salaam, waliokuwa wakilichunguza jambo hili kwa pamoja tangu mwaka 2002, waliwafundisha wanafunzi somo lile lile, kundi moja kwa Kiswahili na jingine kwa Kiingereza, wakaona kwamba waliofundishwa kwa Kiswahili walishiriki zaidi na kufaulu zaidi. Mwalimu wetu hakuhitaji kuusoma utafiti huo. Anauishi kila siku. Kwa hiyo nchi hii tayari inafundisha sekondari kwa Kiswahili. Inafundisha kwa kificho, na mwalimu anayefanya hivyo huvunja agizo ili atimize wajibu wake.

Kisha unafika mtihani, na kificho kile kinamgeukia mtoto. Swali linamtaka aeleze namna mvua inavyopatikana. Anajua, alielezwa kwa Kiswahili na akaelewa. Lakini maelezo yake lazima yapite katika lugha ambayo hakupewa nafasi ya kuisema, na katika kupita huko yanavunjika. Anaandika sentensi mbili zisizo na maana, au ananakili swali, au anaacha nafasi wazi. Msahihishaji anampa sifuri, na sifuri ile inaandikwa katika safu ya jiografia. Hapo ndipo ninapouliza, kama mzazi na kama raia: sifuri hiyo imetuambia nini? Imetuambia kuwa mtoto hajui jiografia, au kuwa hajui Kiingereza? Hakuna mtu katika nchi hii, kutoka mwalimu mkuu hadi waziri, anayeweza kulijibu swali hilo kwa yakini akiwa na karatasi ile mkononi. Muuza duka anayepima mchele pamoja na bakuli, bila kuondoa uzito wa bakuli, hutozwa faini na Wakala wa Vipimo. Sisi tumewapima watoto wa taifa zima kwa namna hiyo, tukatoa vyeti, tukaandika madaraja, tukawafungia wengine milango ya maisha, na hakuna aliyetozwa kitu.

Wengi watakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi ilifadhaika, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, serikali ikayafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya. Walilaumiwa walimu, wazazi, watoto na simu za mkononi. Lakini kupanga viwango upya hakukuweza kutenga baina ya kijana asiyejua na kijana anayejua ila hawezi kusema kwa lugha ile, maana mtihani wenyewe haukuandaliwa kuwatenga. Wote walikuwa katika rundo moja la sifuri, na katika rundo hilo, sina shaka, walikuwamo vijana ambao wangeweza leo kuwa matabibu na mafundi wa umeme wa kutegemewa.

Na hapa naomba radhi kwa ukali, lakini sitaupunguza. Serikali yenyewe yajua haya. Halmashauri kadhaa zimefungua shule za msingi za umma zinazofundisha kwa Kiingereza, ambako mzazi hulipa ada, na kuwapo kwa shule hizo ni ungamo lililojengwa kwa matofali kwamba mtoto atakayetahiniwa kwa Kiingereza anahitaji kukianza mapema na kwa wingi. Mwenye fedha anauziwa maandalizi; asiye nazo anaambiwa elimu ni bure. Viongozi wanaokisifu Kiswahili kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na waliopigania kitambuliwe katika Umoja wa Afrika, aghalabu wanao wajukuu katika shule za Kiingereza za kulipia, nao hawaguswi na uamuzi huu hata kidogo. Mtu asiyeguswa na uamuzi huwa mwepesi wa kuuahirisha, na huu umeahirishwa tangu mimi mwenyewe nikivaa kaptula.

Haya yanaponywa na jambo jepesi ambalo Baraza la Mitihani la Tanzania linalifanya kila mwaka. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hutungwa kwa lugha mbili: mtoto wa shule ya Kiswahili huufanya kwa Kiswahili, wa shule ya Kiingereza huufanya kwa Kiingereza, na wote hulinganishwa kwa alama bila mtu kulalamika kuwa hadhi ya cheti imeshuka. Utaratibu upo, watungaji wapo, wafasiri wapo. Kwa nini uishie darasa la saba? Msahihishaji wa kidato cha nne ni mwalimu wa Kitanzania, anasoma Kiswahili vizuri kuliko anavyosoma Kiingereza. Anayetaka kwenda kusoma ng'ambo ajibu kwa Kiingereza, ni hiari yake na asinyimwe. Anayetaka kuonyesha alichokifahamu kwa lugha aliyokifahamia, naye asinyimwe. Kiingereza kiendelee kuwa somo, kipewe walimu bora na vitabu bora, na mtoto akikifeli afeli Kiingereza peke yake.

Kama kidato cha nne kinatisha kwa sababu ya vyeti na vyuo, tuanze na upimaji wa kidato cha pili, ambao haumpeleki mtu chuo kikuu chochote duniani wala hauhusiani na soko la dunia. Karatasi za hesabu, baiolojia na jiografia zichapishwe kwa lugha zote mbili, mtoto achague, na Baraza litangaze matokeo ya waliojibu kwa Kiswahili mbali na ya waliojibu kwa Kiingereza, mkoa kwa mkoa, ili kila mzazi ayaone. Ikitokea kwamba hakuna tofauti, nitakubali hadharani kuwa hoja yangu imevunjika. Jaribio hilo lifanywe kabla ya Januari 2028, maana siku madarasa mawili yatakapoingia kidato cha kwanza kwa pamoja, idadi ya watakaonyamaza itakuwa maradufu.